Binti na kioo: namna ya kumpunguzia mtoto wa kike mzigo wa urembo

Mgeni anaingia, anaamkiwa shikamoo, anaitikia marahaba, na kabla hajakaa anamkagua binti wa miaka 12 toka juu hadi chini: "Hee! Siku hizi umekuwa bonge." Watu wanacheka. Binti naye anacheka, kisha anaivuta blauzi yake ishuke mapajani. Mazungumzo yanahamia kwingine. Ikifika jioni aliyesema ameshasahau, waliocheka wameshasahau, na binti yuko chumbani amesimama ubavu mbele ya kioo, tumbo ameliingiza ndani.

Mwongozo huu ni wa watu wanaoishi au kufanya kazi na wasichana wa miaka 9 hadi 18: wazazi, walezi, walimu, dada wakubwa. Wengi wao wana dawa moja tu, nayo ni kumwambia "wewe ni mzuri, usiwasikilize." Nia ni njema, lakini dawa haiponyi. Anayeambiwa "wewe ni mzuri" kila anapolia hujifunza kwamba kweli uzuri ni jambo la kuliliwa, na kwamba lazima awepo mtu wa kumthibitishia kila siku. Kazi iliyopo ni nyingine: kulipunguzia uzito swali lenyewe, libaki dogo kati ya maswali mengine ya maisha yake.

Mzigo unavyoingia

Vigezo vya urembo hubadilika, na mara nyingi vinagongana. Mwembamba anaitwa kimbaumbau, mnene anaitwa tipwatipwa, na katikati anatakiwa awe na umbo namba nane: kiuno cha nyigu, makalio makubwa, tumbo bapa. Juu yake uongeze ngozi nyeupe na uso usio na tundu wala doa.

Kisa cha Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, kinaonyesha jinsi kigezo kinavyoweza kuingia upesi. Huko mwili mnene, wenye nguvu, ulikuwa ndio wa kusifiwa. Televisheni ilifika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker na wenzake waliwahoji wasichana wa sekondari muda mfupi baada ya hapo, kisha wakarudi mwaka 1998 kuwahoji wengine wa rika hilohilo. Mwaka 1995 hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apunguze uzito. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3.

Kigezo kikishaingia, binti huanza kujitazama kwa macho ya watu. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Barbara Fredrickson na wenzake, nchini Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo wavae ama vazi la kuogelea ama sweta, kila mmoja peke yake mbele ya kioo, kisha wakawapa mtihani wa hesabu wakiwa bado wamevaa. Wasichana wa vazi la kuogelea walipata alama za chini kuliko wenzao wa sweta. Kwa wavulana haikuwa hivyo. Chumbani hamkuwa na mtu; mtazamaji walikuwa naye kichwani. Mwalimu akimwona mwanafunzi anavuta sketi na kushika nywele kipindi kizima, ajue sehemu ya akili yake haipo ubaoni.

Safisha maneno ya nyumbani

Anza hapa hata kama unaamini kwamba tatizo ni simu. Kwa siku 7, bila kumwambia mtu, chora safu nne kwenye karatasi: aliyoambiwa binti kuhusu mwili wake; yaliyosemwa kuhusu mwili wa mtu mwingine yeye akisikia; uliyosema kuhusu mwili wako; na sifa za urembo. Kila neno likitoka, weka mstari mmoja.

Safu ya tatu ndiyo hujaa bila mtu kutarajia. "Nimekuwa kama gunia." "Hiyo picha ifute, mkono umeonekana." "Leo sili, suruali imenikataa." Binti hahitaji kutukanwa. Inatosha amsikie mama yake akijitukana, halafu akumbuke kwamba kila mtu husema wamefanana kama shilingi kwa ya pili.

Wiki ya pili anza kupunguza, na la kwanza kukatwa liwe hili: "Umepungua, umependeza!" Linaonekana sifa, ndiyo maana ni baya. Hujui amepungua kwa sababu gani. Huenda ni homa, huzuni au kujitapisha, na wewe umempigia makofi. Halafu kuna mwingine pembeni ambaye hajapungua, naye amesikia. Sema tu "nimefurahi kukuona."

Kusifia hakukatazwi. Ila ukimsifia sura mara moja, tafuta mara tatu za kumsifia kitu alichofanya, na kitaje chenyewe. "Una akili" haishiki. "Ile hesabu uliirudia mara tatu bila kuniita" inashika, kwa sababu anajua unasema kweli.

Utani wa kaka usiuache kwa kuwa ni utani. Mwite kando, mwambie sentensi moja: mwili wa dada yako si mada ya mzaha humu ndani. Baba naye asijiweke pembeni. Akina baba wengi binti akianza kuota matiti hujitenga naye kwa aibu, na binti huona mwili wake ndio uliomfukuza baba. Aendelee kumsalimia, kukaa naye na kumtuma kama zamani.

Kwa ndugu na wageni, mkubwa hakemewi mbele za watu, na si lazima. Ongea naye kabla hajafika: "Shangazi, nina ombi. Mwanao yuko kwenye umri wa kubadilika na maneno ya mwili yanamkaa. Ukimkuta muulize habari za mpira wa wavu, hapo atakuchosha kwa hadithi." Ikiteleza hata hivyo, jibu palepale kwa upole, binti akisikia: "Anakua, shangazi, ndivyo inavyotakiwa. Karibu ukae." Kumbembeleza baadaye chumbani ni nusu ya dawa, anachotaka kujua ni kama kuna mtu aliyesimama upande wake pale pale.

Kisha kuna ile siku atakayokuuliza, "Mama, kwani mimi ni mbaya?" Majibu mawili huharibu kila kitu: "Acha upuuzi," na "Nani kakwambia? Kesho naenda kwao!" La kwanza linamfunga mdomo, la pili linamfanya ajute kukwambia. Kaa naye ubavuni, si uso kwa uso. Wakati wa kufua au kutembea ni mzuri zaidi. Uliza, "Kuna kitu kimetokea leo?" kisha unyamaze. Hesabu kumi kimoyomoyo. Akianza kusema, uliza alichoambiwa hasa, kwa maneno yenyewe, na alijisikiaje. Usitoe hukumu ya sura, wala nzuri wala mbaya. Malizia kwa: "Unataka tufanye kitu, au ulitaka tu nijue?" Mara nyingi alitaka tu ujue.

Mwambie kabla mwili haujabadilika

Umri wa kuanza kumweleza ni miaka 8 au 9, si siku ya kuvunja ungo. Matiti huanza kuota kati ya miaka 8 na 13, na hedhi ya kwanza huja kama miaka miwili hadi miwili na nusu baadaye. Mtajie na kilo: kati ya miaka 10 na 14 msichana wa kawaida huongeza kilo 15 hivi. Mafuta ya nyonga na mapaja ni sehemu ya ukuaji huo, na wengi hujaa kwanza kabla ya kurefuka. Asiyeambiwa huona "nimenenepa" na kuanza kujinyima chakula katika miaka ileile ambayo mifupa yake inajijenga kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote.

Mwambie pia kuhusu michirizi. Huanza ikiwa na rangi iliyokolea, kisha hufifia yenyewe kwa miezi au miaka. Hakuna krimu inayoifuta kabisa.

Mizani ya nyumbani ihamishwe ama itolewe. Uzito wa mtoto upimwe kliniki na usomwe kwenye chati ya umri wake, kwa kuwa vipimo vya uwiano wa uzito na urefu vya watu wazima havimfai. Nguo zinazombana zitolewe kabatini bila hotuba, aletewe zinazomtosha. Suruali inayokata kiuno inamsema kuanzia asubuhi hadi jioni, na haichoki.

Simu

Mfanyie jaribio la pua. Apige selfi mkono ukiwa umekunjwa, simu ikiwa kama sentimita 30 toka usoni. Kisha simu iegemezwe mahali, asogee hadi mita moja na nusu, apige tena kwa kuhesabu sekunde, halafu aikuze picha hadi uso ulingane na ule wa kwanza. Alinganishe pua. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji nchini Marekani walikokotoa kwamba kwa umbali wa sentimita 30 pua huonekana pana kwa karibu asilimia 30 zaidi ya ilivyo, ilhali kwa mita moja na nusu hali hiyo karibu inatoweka. Wapo wanaofika kwa daktari wa upasuaji wakiwa wamebeba selfi kama ushahidi dhidi ya pua zao.

Kisha fungueni mipangilio ya kamera. Simu nyingi zina sehemu ya kurembesha uso ambayo inaweza kuwa imewashwa bila mwenye simu kujua. Ishusheni hadi sifuri. Awashe filta moja, aizime, aorodheshe ilichobadilisha: macho, taya, vinyweleo, rangi. Msichana aliyezoea uso wa filta huanza kuuona uso wake halisi kama ndio wenye hitilafu.

Hatua inayofuata inahitaji dakika 15. Pitieni machapisho 30 kwenye mtandao anaoupenda, na baada ya kila moja aonyeshe kwa kidole: juu, katikati, chini. Akaunti iliyomshusha mara mbili inaondolewa au kunyamazishwa. Mweleze kwamba programu huhesabu muda unaotumia kutazama, si kama umependa. Hata ukitazama kwa hasira inakuletea nyingine kama hiyo. Kwa hiyo apite haraka na abonyeze kitufe cha kusema havutiwi.

Watu wengi hudhani inatosha kumwambia "hizo picha ni za uongo." Haitoshi. Ufaransa tangu Oktoba 2017, na Norway tangu Julai 2022, sheria inataka picha za biashara zilizobadilishwa maumbo ziandikwe kwamba zimebadilishwa. Kwa ukweli wa biashara ni sheria nzuri. Lakini majaribio mengi yameonyesha kwamba kusoma maandishi hayo hakumzuii mtu kujilinganisha. Jicho limeshaona. Kinachosaidia zaidi ni kupunguza wingi. Katika utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2023, vijana 220 wa miaka 17 hadi 25, waliokuwa na dalili za wasiwasi au sonona, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliwekewa ukomo wa dakika 60 za mitandao kwa siku. Baada ya wiki tatu walijiona vizuri zaidi, sura na uzito, kuliko wenzao walioendelea kama kawaida.

Fanyeni nyumba nzima, mzazi akiwemo: dakika 60, wiki tatu, simu zote zikichajiwa nje ya vyumba vya kulala. Kunyang'anya simu hakusaidii. Ataipata ya rafiki, na hutajua tena anachotazama.

Zoezi la kikundi, kwa walimu na viongozi wa vijana

Mojawapo ya mbinu za kuwasaidia wasichana kuvikataa vigezo hivi, zilizofanyiwa majaribio mengi, ni ile iliyobuniwa na mwanasaikolojia Eric Stice na wenzake nchini Marekani. Msingi wake: mtu akikipinga kitu kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya wenzake, moyo wake huvutwa kufuata kinywa. Kwa hiyo wasichana ndio wa kusema. Kiongozi akigeuka mhubiri, zoezi limekufa.

Unahitaji wasichana 6 hadi 10, vikao vinne vya saa moja, wiki moja moja. Kikao cha kwanza waandike ubaoni sifa zote za "mwanamke mrembo" walizowahi kusikia, mpaka waone wenyewe zinavyopingana. Kisha wajibu nani analipwa zikifuatwa, na anayezifuata anagharimika nini kwa fedha, muda na afya. Waondoke na kazi ya kumwandikia barua msichana mdogo kuhusu gharama hizo. Kikao cha pili wasome barua kwa sauti, kisha wewe uigize binti anayetaka kuacha kula ili apunguze mwili, na wao wakushawishi uache. Ng'ang'ania kidogo, ukikubali upesi hawapati kazi ya kufikiri. Nyumbani kila mmoja asimame mbele ya kioo na kuandika mambo 10 anayoyapenda kwake, mengine yawe ya kile mwili unachofanya. Kikao cha tatu ni cha majibu ya haraka: unatoa kauli ("sketi hiyo si ya mapaja kama yako"), wanajibu ndani ya sekunde tano, zamu kwa zamu. Cha nne kila mmoja achague tendo moja dogo la hadharani, kama kuomba bango fulani litolewe ukutani, na atoe taarifa baada ya mwezi.

Makosa yanayoharibu: kuonyesha picha za wagonjwa waliokonda, kwa kuwa wapo watakaoziona kama lengo, na kumleta mtu aliyepona akataja kilo zake na mbinu alizotumia. Umefungua darasa la kujinyima.

Nywele

Kwa ufupi. Msuko ukiuma ni msuko uliobana, na vipele vidogo kwenye ukingo wa nywele ni onyo kwamba mizizi inavutwa. Ukilegezwa mapema nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, ngozi huweka kovu na paji hubaki wazi. Fumueni ndani ya wiki 6 hadi 8, na msisuke kwa kubana nywele zilizowekwa dawa, maana zimeshadhoofika. Dawa za kulainisha nywele zina alkali kali inayoweza kuunguza kichwa, kwa hiyo mtoto mdogo asiwekwe, na mkubwa asijikune wala asiweke juu ya kidonda. Ikianza kuchoma ioshwe hapohapo, si "vumilia kidogo ishike."

Krimu za kujichubua

Hapa tukae, kwa sababu madhara hayaishii moyoni. Vitu vitatu ndivyo vya kutafuta.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini hupenya na kwenda kwenye figo na mishipa ya fahamu. Mtumiaji anaweza kuvimba uso na miguu, mkojo ukatoa povu, mikono ikatetemeka, usingizi ukapotea. Inahama pia: taulo, shuka, na mkono wa mama kwenye shavu la mtoto. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao ni mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka ukomo wa miligramu 1 kwa kilo ya kipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa kabisa vipodozi vilivyotiwa zebaki, mwisho ukiwa 2025. Makopo bado yapo.

Geuza kopo, usome nyuma kwenye mwanga. Maneno ya zebaki ni calomel, mercurous chloride, mercuric iodide, ammoniated mercury, mercurio, au herufi Hg. Usiishie hapo, kwa sababu wengi hawaandiki. Soma maelekezo: yakisema krimu isiguse dhahabu, fedha, alumini au mpira, iweke chini. Hiyo ni tabia ya zebaki, si ya mafuta ya ngozi. Kopo lisilo na orodha ya viambato kabisa nalo liweke chini.

Cha pili ni hydroquinone, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi. Ikitumika muda mrefu inaweza kuleta kinyume chake: mabaka ya weusi wa bluu mashavuni, ambayo ni magumu mno kutibika. Cha tatu ni steroidi kali, hasa clobetasol propionate ya asilimia 0.05, dawa halali ya magonjwa ya ngozi ambayo kwa kawaida haipakwi zaidi ya wiki mbili mfululizo wala zaidi ya gramu 50 kwa wiki. Mtu anayejichubua huipaka mwili mzima kwa miezi. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, mishipa inaonekana, chunusi na fangasi vinashamiri, kidonda kinakawia kupona. Ikiingia mwilini kwa wingi, tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo hulala.

Mkorogo unaochanganywa na muuzaji unaweza kuwa na vyote vitatu, na hata yeye hajui kipimo.

Dalili za kutazama kwa binti: uso umekuwa mweupe huku viungo vya vidole, viwiko na masikio vikibaki na rangi yake, mashavu yanawaka juani, anajifungia kuoga muda mrefu. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini ukimfokea "umejichubua!" ataficha zaidi. Sema: "Naona ngozi inakuwasha. Twende tukaangaliwe, na kopo tulichukue." Njiani muulize ni nani aliyemwambia kwanza kwamba rangi yake ina kasoro. Jibu hilo lina kazi kuliko hotuba.

Kuacha kunategemea kilichomo. Zebaki huachwa siku hiyohiyo. Steroidi iliyopakwa kwa miezi iachwe kwa uangalizi wa daktari, ambaye ataamua kama ni mara moja au kwa kushushwa polepole. Msipojua kilichomo, nendeni na makopo yote wiki hiyohiyo. Mwambie mapema yatakayokuja: kuchoma, wekundu, vipele, na rangi kurudi ikiwa nyeusi kuliko ya awali, hali inayoweza kuchukua wiki au miezi. Hapa ndipo wengi hurudia krimu, wakidhani ngozi imeharibika kwa kuacha. Katika kipindi hicho apake mafuta mepesi ya mgando yasiyo na manukato, aoge kwa sabuni laini, avae kofia na apake kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi. Asisugue, asipake limau, dawa ya meno wala jiki. Akiwa na uchovu mzito, kutapika au kuzirai, ni hospitali siku hiyo. Huenda tezi zile hazijaamka.

Kopo la zebaki lifungwe kwenye mfuko wa plastiki, lipelekwe panapopokelewa taka hatari. Lisichomwe moto, kwa kuwa mvuke wake huvutwa na walio karibu. Na asipewe jirani.

Chakula kikiwa vita

Tazama tabia kabla ya mwili. Anapikia wengine lakini hali. Anakwenda chooni mara tu baada ya kula na kufungulia bomba. Ana makovu kwenye maungio ya vidole vya mkono mmoja, mashavu yamevimba chini ya masikio, anahisi baridi wakati wengine wana joto, hedhi imekata miezi mitatu. Au umekuta vidonge vya kuharisha na vya kukojoza.

Kuhusu vidonge vya kuharisha, mweleze kinachotokea. Vingi hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati nishati ya chakula imeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi, ikiwemo potasiamu inayoendesha mapigo ya moyo. Mizani inashuka leo, inapanda kesho, na moyo ndio unaolipa.

Ongea naye mbali na meza ya chakula. Taja ulichoona, si ulichokisia: "Wiki hii umeondoka mezani mara nne kabla hatujamaliza. Nina wasiwasi." Usitaje kilo. Milo iwe mitatu kwa saa zinazojulikana, pamoja na vitafunwa katikati, mtu mzima akila naye na kubaki naye saa moja baadaye kwa mchezo au hadithi. Akitapika, asukutue kwa maji yenye baking soda na asipige mswaki kwa nusu saa au zaidi, maana asidi imelainisha meno. Aliyekaa siku nyingi bila kula asijazwe chakula ghafla nyumbani. Chumvi za damu zinaweza kuvurugika kwa hatari, apelekwe hospitali kwanza.

Jifunze kuhesabu mapigo. Akae dakika tano, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu sekunde 60 kamili. Chini ya 50 akiwa macho ni dharura. Vivyo hivyo kuzirai, maumivu ya kifua, kutapika damu, kukataa hata maji, au kusema anataka kufa.

Mkienda kliniki beba karatasi moja: uzito ulivyobadilika kwa miezi sita, tarehe ya hedhi ya mwisho, anachofanya na mara ngapi. Omba apimwe mapigo na presha akiwa amelala, kisha baada ya kusimama dakika mbili au tatu, apimwe potasiamu, moyo upigwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo. Mhudumu akimtazama na kusema "mbona mwili wake uko sawa tu," usiondoke. Anayejitapisha anaweza kuwa na uzito wa kawaida na potasiamu iliyoshuka vibaya, kwa hiyo omba kipimo cha damu kifanyike siku hiyohiyo.